Thadi Pati Inamlinda Nani? Dhima ya Mwenye Gari na Mwenye Pikipiki Nkoroi

Mada iliyotayarishwa kwa semina ya wamiliki wa magari, waendeshaji bodaboda na wakazi wa Nkoroi, Kaunti ya Kajiado

Najua wengi wetu tukisikia neno bima tunawaza askari wa trafiki. Tunanunua cheti ili tupite kizuizini, tunakikunja ndani ya plastiki, basi. Nitawaomba leo tukitazame kwa jicho la mtu mwingine kabisa: yule atakayegongwa.

Bima ya thadi pati, yaani ya mtu wa tatu, haikulindi wewe mwili wako, wala hailindi chombo chako. Kazi yake ni kubeba deni litakalokuangukia ukimuumiza au ukimuua mtu kwa gari au pikipiki yako. Deni hilo ndilo tunaloliita dhima. Dhima inakuwapo uwe na bima au usiwe nayo. Bima inaamua tu kama kampuni italibeba pamoja nawe, au utalibeba peke yako kwa shamba, ng'ombe na mshahara wako.

Sheria yenyewe

Sheria inayotuhusu ni ile ya bima ya magari ya thadi pati, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1945, enzi za ukoloni, kwa kufuata mfano wa Uingereza ambako bima ya namna hii ilifanywa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1930. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kutumia chombo barabarani bila bima hiyo, na kinakataza vilevile kumruhusu mwingine akitumie. Kwa hiyo mwenye pikipiki aliyemwachia kijana ufunguo asubuhi, yeye akabaki dukani, naye yumo.

Sheria inalazimisha bima ya jambo moja: kifo au majeraha ya mwili wa mtu mwingine. Mali haimo. Ukigonga lango la jirani, kioski cha mama mboga, au ng'ombe anayevuka barabara ya Magadi jioni mifugo inaporudi nyumbani, Sura ya 405 haikulazimishi kuwa na bima ya hasara hiyo. Kampuni nyingi huiongeza zenyewe ndani ya mkataba, kwa kiwango zilichokiweka. Hapa Kajiado, ambako ng'ombe mmoja anaweza kuwa karo ya mtoto wa mtu, kiwango hicho ni cha kusomwa kabla ya kulipa. Hakiandikwi kwenye cheti. Kimo kwenye jedwali la mkataba, ile karatasi ambayo wengi hatuiombi na wakala haitoi asipoulizwa.

Abiria

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Nkoroi inaishi kwa abiria. Mtu anashuka matatu ya Kiserian au Rongai pale barabara ya lami, kisha anapanda boda kwenda ndani, kwenye ploti yake, kwa barabara ya vumbi au ya matope kulingana na msimu. Safari hiyo fupi ya mwisho ndiyo yenye swali gumu kuliko yote ya bima.

Kwa gari au pikipiki ya kibinafsi, sheria hailazimishi bima kwa abiria uliyempa lifti bure. Kwa chombo kinachobeba watu kwa nauli, inalazimisha. Ndiyo sababu bima ya biashara ina sehemu ya dhima kwa abiria, ambayo mawakala huiita PLL na kuitoza kwa kila kiti. Mwendeshaji anayenunua bima ya pikipiki ya kibinafsi kwa sababu ni nafuu, halafu akashinda stejini akibeba watu, ameiambia kampuni jambo moja na kufanya jingine. Siku ya ajali, kampuni itasoma mstari wa matumizi ya chombo ulioandikwa kwenye mkataba. Kifungu cha 10 kinairuhusu iende mahakamani, kabla kesi ya majeruhi haijafunguliwa au ndani ya miezi 3 baada ya kufunguliwa, kuomba itangazwe kwamba haifungwi na mkataba uliopatikana kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la maana.

Nani anaumia hapo? Ni yule mama aliyekaa nyuma na mkoba wa unga mapajani. Hakuuliza bima ya pikipiki ni ya aina gani, na hakuwa na namna ya kujua. Nasema bila kuzunguka: kubeba abiria kwa bima ya kibinafsi ni kumdhulumu abiria. Tofauti ya bei haitoshi kuhalalisha jambo hilo.

Wenye magari madogo msitabasamu bado. Kuna wenzetu wengi wanaokwenda kazini Nairobi alfajiri na kujaza viti vitatu vya nyuma kwa watu wa steji, kila mmoja na nauli yake. Kwenye mkataba wameandika matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani. Wanaona ni kusaidiana na kupata hela ya mafuta, nami naelewa bei ya mafuta. Lakini abiria akilipa, safari imebadilika jina mbele ya kampuni ya bima. Ongea na wakala wako, uliza bima inayokubali abiria wa kulipa inagharimu kiasi gani, na jibu lake alitoe kwa maandishi.

Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinasema abiria mmoja tu, na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga kwa mwendeshaji na abiria wake. Tukibeba wawili, mahakama inaweza kugawa lawama, na majeruhi asiye na helmeti aliyeumia kichwa anaweza kupunguziwa fidia kwa kuchangia madhara yake mwenyewe.

Milioni tatu

Sura ya 405 inaweka ukomo: hailazimishi bima izidi shilingi 3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja. Ukisikia milioni tatu unaona ni fedha nyingi. Tuzihesabu.

Chukua mfano wa kubuni wa kijana wa miaka 30, fundi, mwenye mke na watoto, anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi. Anagongwa na kufariki. Mahakama zetu, katika kukadiria hasara ya wategemezi, kwa kawaida huchukua kipato cha mwaka, hutoa sehemu ambayo marehemu angeitumia mwenyewe, kisha huzidisha kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, ikipunguzwa kwa misukosuko ya maisha. Shilingi 20,000 mara miezi 12 ni 240,000. Theluthi mbili zake, fungu la familia, ni 160,000. Zidisha kwa miaka 20, unapata 3,200,000. Hatujagusa mazishi, maumivu kabla ya kifo, wala gharama za kesi.

Tazama basi. Huyu si mkurugenzi wa benki. Ni fundi wa kawaida, na tayari hesabu imevuka ukomo kwa laki mbili na zaidi. Kinachozidi kinamrudia mwenye gari. Mwanamke wa miaka 25 aliyekatwa mguu anaweza kuwa na madai makubwa kuliko hayo, kwa kuwa atahitaji mguu wa bandia na kuubadilisha maisha yake yote. Ndiyo maana wenye matatu, malori ya mchanga na magari ya shule wasiridhike na kiwango cha chini cha sheria. Kampuni huuza nyongeza ya ukomo. Mwenye gari la kubeba watoto wa watu asiyeinunua anacheza na nyumba yake.

Jina lililo kwenye logibuku

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema mtu ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake, yaani aliye kwenye logibuku, ndiye atakayehesabiwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vingine. Sasa fikirieni pikipiki ngapi zimeuzwa mara mbili, mara tatu, kwa karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwenye daftari la shule, bila kuhamishwa kwenye usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Aliyeuza bado ndiye anayehesabiwa kuwa mmiliki mbele ya mahakama. Samansi itamfuata yeye, na kujitetea kutamgharimu wakili. Aliyenunua naye akienda kukata bima, jina lake halifanani na la usajili, na kampuni inapata swali la kuuliza siku ya madai. Uhamisho sasa unafanywa kupitia eCitizen. Muuzaji asiachie funguo kabla haujakamilika.

Na wewe uliyeajiri mwendeshaji, jua kwamba thadi pati haimhesabu mfanyakazi wako aliyeumia kazini. Yeye analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na bima yake ni nyingine. Kijana analeta hela kila jioni, akivunjika mguu anaachiwa harambee ya stejini. Hilo si haki.

Ajali ikitokea

Simama. Mpeleke majeruhi hospitali. Toa ripoti kituo cha polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24, na uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Baadaye utahitaji abstrakti ya polisi, na majeruhi atahitaji fomu ya P3 inayoeleza majeraha yake. Piga picha za barabara na vyombo kabla havijasogezwa.

Kulipia majeruhi gari la wagonjwa ni utu, na hakuna atakayekulaumu. Hatari ipo kwenye ile karatasi ya kumalizana inayoandikwa kando ya barabara mbele ya umati: mimi fulani nakubali kosa na nitalipa kila kitu. Mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ukisaini, umeipa kampuni sababu ya kukukwepa, na majeruhi umempa ahadi usiyoweza kuitimiza.

Nikiulizwa kosa linalowaangusha watu wengi zaidi katika madai niliyoyashughulikia, nitasema ni kukalia barua. Barua ya wakili inakuja, mtu anaiweka juu ya kabati akidhani mambo yatapoa. Mwenye madai ya majeraha ana miaka 3 ya kufungua kesi, kwa hiyo samansi inaweza kufika wakati ajali yenyewe umekwisha kuisahau. Ukinyamaza, hukumu inatolewa bila wewe kusikilizwa. Kifungu cha 10 kinailazimisha kampuni kulipa hukumu, lakini kwa sharti kwamba iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati. Barua yoyote, samansi yoyote, ipeleke ofisini kwa kampuni siku hiyohiyo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nanyi mlioumizwa, au mliofiwa, abstrakti inaonyesha kampuni ya bima na nambari ya cheti. Hakikisheni wakili wenu ameiarifu kampuni hiyo. Mkishinda kesi na kampuni ikakataa kulipa, sheria inawaruhusu kuishtaki yenyewe.

Kampuni nayo inaweza kuanguka

United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013. Invesco, iliyokuwa ikizikatia bima matatu nyingi, iliwekwa mikononi mwa mfilisi mwaka 2024. Kampuni ikianguka, dhima yako haianguki nayo. Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima hulipa, lakini ukomo wake umekuwa shilingi 250,000 kwa dai. Linganisheni na ile 3,200,000 ya fundi wetu. Bei ya chini kupita zote iwatie shaka. Ulizeni madereva wenzenu ni kampuni ipi hulipa, hakikisheni ina leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na mlipe ada kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya mtu binafsi. Bima haianzi kabla ada haijalipwa, na cheti cha kughushi hakimlipi mtu.

Kwa wanaovuka Namanga kwenda Arusha, cheti cha hapa nyumbani hakitoshi. Mnahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama.

Ombi langu kwa viongozi wa steji ni hili. Kila kikundi kina daftari la wanachama. Ongezeni safu tatu ndani yake: jina lililo kwenye logibuku, aina ya matumizi iliyoandikwa kwenye bima, na tarehe ya mwisho wa cheti. Asiyekuwa na bima ya kubeba abiria asipewe zamu ya kubeba abiria mpaka aipate. Na aliyeuza pikipiki bila kuhamisha jina amtafute mnunuzi wake wiki hii, wakamilishe uhamisho.