Mtunga Programu Mdogo na Msaada wa Kulipia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama)



Chama kinachoweka hesabu zake katika kompyuta huweza kutegemea programu iliyotungwa na watu wawili watatu wenye ofisi ndogo mjini. Watu hao nao hutegemea mashine ya kampuni kubwa iliyo mbali. Programu ikigoma siku ya malipo ya mazao, mkulima hatamwuliza mtengenezaji wa mashine, atamwuliza katibu. Basi ni haki kuuliza: je, mtunga programu mdogo hana budi kulipia msaada wa ufundi wa mtengenezaji?

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Huko Marekani, kampuni ya IBM iliwapa wateja programu, mafunzo na ushauri ndani ya bei ya mashine. Mwezi Juni 1969 ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya huduma hizo zitatozwa peke yake. Hapo ushauri nao ukawa bidhaa yenye bei.

Lakini ushauri wa mtengenezaji haukuwa njia pekee. Mwaka 1955 wenye mashine za IBM 704 katika eneo la Los Angeles waliunda umoja ulioitwa SHARE, ili wagawane programu na maarifa. Hao walikuwa na fedha, na bado waliona ni hasara kila mmoja kutafuta peke yake jibu ambalo jirani amekwisha kulipata. Mwanaushirika hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Vitabu navyo ni msaada. Kitabu cha maelekezo cha kompyuta ya Apple II, kilichotolewa mwaka 1978, kilichapa hata maagizo ya ndani ya mashine. Mwaka 1981 IBM ilifanya vivyo hivyo kwa kompyuta yake ndogo. Mtu mwenye bidii aliweza kujifunza bila kumpigia simu mtu yeyote. Katika zama hizo, mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston, watu wawili tu, walitoa VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu iliyowafanya wafanyabiashara wainunue kompyuta ya Apple II.

Hata hivyo, haifai kudanganyana. Mlango mwingine umefungwa, na ufunguo anao mtengenezaji peke yake. Anayetaka kuuza programu za simu katika duka la Apple hulipa ada ya uanachama ya dola 99 za Marekani kwa mwaka. Hiyo ni ada ya kuingia sokoni, asiichanganye na mkataba wa kuhudumiwa haraka. Na kosa likiwa ndani ya mfumo wa mtengenezaji, ambao maandishi yake hayakutolewa, mtu wa nje hawezi kulisahihisha hata akikesha. Kwa upande wa Linux, iliyoanza mwaka 1991, maandishi ni wazi kwa wote; lakini kampuni ya Red Hat huuza huduma juu yake, na wateja hulipa. Wanachonunua hasa ni muda na uhakika.

Jibu, basi, ni hili. Mtunga programu mdogo asilipe kabla ya kusoma vitabu na kuuliza wenzake. Kuuliza si ujinga, ila kulipia jibu lililokwisha kuandikwa ni hasara. Alipe pale kosa lilipo upande wa mtengenezaji, na kuchelewa kunagharimu kuliko ada. Na ikiwezekana, kwa shauri moja badala ya mwaka mzima.

Katibu naye ana wajibu wake kabla ya kutia sahihi mkataba. Aulize: programu ikikwama, nani atakuja, na baada ya siku ngapi? Ada ya mtengenezaji italipwa na nani? Mtunga programu akifariki au akihama, nakala ya maandishi ya programu itabaki kwa nani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba na yasomwe mbele ya kamati. Ahadi ya mdomo haifungui daftari siku ya malipo.