"Sorry" Yako Ni Pole ama Ni Nisamehe?

Mwenye Biblia afungue 1 Samweli sura ya 15 na 2 Samweli sura ya 12, aweke kidole pote pawili, kwa maana tutakwenda na kurudi.

Leo ninaanza na neno la Kiingereza. Musishangae. Hata mama ambaye hakusoma Kiingereza siku moja analisema: "sorry". Watoto wetu wanaliandika kwa simu, mabwana wanalitumia kwa mabibi zao, hata mwimbaji wa kwaya akichelewa mazoezi anaingia nalo mlangoni. Limekuwa kama letu. Lakini ninauliza: tunaposema "sorry", tunasema nini?

Mimi nilijifunza Kiingereza kule Kampala. Siku moja nilijikwaa kwa jiwe kando ya barabara, na mama aliyekuwa anauza ndizi ng'ambo akaniambia, "Sorry." Nikamtazama. Amenikosea nini? Jiwe si lake, mguu ni wangu. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa ananipa pole kwa neno la Waingereza, kwa sababu Waingereza hawana neno linalotosha kabisa kama pole yetu. Sisi tunampa pole mgonjwa, mfiwa, mtu anayetoka kazini, hata mtu aliyenyeshewa mvua. Kutoa pole hakuna maana ya kwamba wewe ndiwe uliyeleta mvua.

Basi neno hili moja wenyewe wanalibebesha mizigo mingi. Ukifiwa, watakuambia "sorry". Wasiposikia vizuri ulichosema, watauliza "sorry?", yaani rudia. Ukiomba kazi na wakakunyima, barua itaanza na "sorry". Nyumba iliyochakaa wanaweza kusema iko katika hali ya "sorry", yaani inahurumisha. Na mtu aliyeiba, aliyezini, aliyesema uongo, naye anasema "sorry". Neno ni lile lile kwa mwenye kukanyagwa na kwa mwenye kukanyaga.

Wengi wanadhani linatokana na neno lao la huzuni, kwa kuwa yanafanana. Sivyo. Mzizi wake wa zamani ni neno la maumivu, la kidonda. Mtu wa "sorry" wa kwanza alikuwa mtu anayeumwa. Na wanayo maneno mengine karibu nalo, yenye uzito zaidi. Liko moja ambalo Wafaransa pia wanalo, nasi tulilisoma shuleni: "remords". Katika Kilatini maana yake ni kung'ata tena. Kosa ulilolifanya linarudi usiku na kukung'ata. Liko lingine, "contrit", ambalo katika Kilatini ni kusagwa, kupondwa. Akina mama munanifahamu kuliko wababa. Sombe ikiisha kutwangwa katika kinu, je, kuna mtu anayeweza kuirudisha iwe majani juu ya mti? Huo ndio moyo ambao Daudi anausema katika Zaburi ya 51, moyo uliovunjika na kupondeka. Mungu hawezi kuudharau.

Lakini "sorry" ni jani zima bado. Linaweza kupondwa, linaweza pia kubaki zima na kupendeza tu. Mujue kwamba hata serikali za wazungu zimeliona jambo hili. Kule Kanada, jimbo la Ontario liliweka sheria mwaka 2009: mtu akisema "sorry", neno hilo peke yake haliwezi kushikwa katika kesi ya madai kuwa ushahidi kwamba amekubali kosa. Siilaumu sheria hiyo. Inasaidia watu wasiogope kufarijiana. Lakini angalieni neno lenyewe. Ni pana hata mahakama inaambiwa isilihesabu kuwa ungamo. Je, mbele ya Mungu?

Sasa turudi pale tulipoweka vidole. Mfalme Sauli alipewa agizo juu ya Waamaleki, akaliacha nusu. Samweli alipomkuta, Sauli alianza kwa kusema ametii. Kondoo wakamsaliti kwa sauti zao. Akasema watu ndio waliowachukua. Mwisho kabisa akasema amekosa, lakini musome mstari wa 24 mpaka 30: mara ya kwanza anaongeza kwamba aliwaogopa watu, mara ya pili anaomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Neno la toba lilikuwa kinywani, na jicho lilikuwa kwa wazee, kuona kama kiti bado kiko salama.

Daudi alikuwa na makosa mabaya kuliko ya Sauli, nani atabisha? Alichukua mke wa Uria, akamwua Uria. Nathani akamsimamia. Katika 2 Samweli 12:13 jibu lake ni fupi sana. Hataji Bath-sheba, hataji vita, hataji uchovu wa kazi ya ufalme. Amemkosea Bwana, basi.

Wapendwa, ningeweza kuishia kwa Daudi, nanyi mungesema mchungaji amehubiri vizuri. Lakini Roho hakuniruhusu, maana neno hili mimi nililijifunza kwa aibu yangu mwenyewe.

Yaya yangu anauza ndagala Uvira. Mtoto wake alikuwa anaishi kwangu Bukavu kwa ajili ya masomo. Mwaka mmoja alinitumia dola 120 za minervali, pesa yenye harufu ya samaki, na ninyi munajua ndagala ngapi zinatoka katika dola 120. Mimi nilikuwa na deni la garanti ya nyumba. Nikasema moyoni, nitatumia hii, mwisho wa mwezi nitarudisha. Mwisho wa mwezi ukafika, mwingine ukafika. Prefe wa masomo akamtoa mtoto darasani wakati wa mitihani. Mtoto hakuniambia neno. Alimwambia mama yake.

Nilipojua kwamba yaya amejua, nikashika simu nikaandika: "Sorry yaya." Nikaona nimemaliza. Tena nilijisikia mtu wa adabu.

Akanipigia. Hakusalimia. Akauliza, "Hii sorry yako ni ya pole ama ni ya nisamehe?"

Nikanyamaza. Kwa kweli sikujua. Nilichagua neno la kigeni kwa sababu halikunidai kitu. "Nisamehe" ingenilazimisha kutaja nimesamehewe nini.

Siku ya Jumamosi nikapanda gari, nikashuka Kamanyola, nikapita uwanda wa Ruzizi mpaka Uvira. Nilimkuta yaya nyuma ya nyumba, anaanika ndagala. Nikapiga magoti pale penye mchanga, mimi mchungaji, jirani wanatazama, nikasema: "Yaya, nilikula pesa ya mtoto. Nilikudanganya kwa kunyamaza. Unisamehe."

Akaendelea kugeuza samaki wake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa njo nimekusikia." Akaniletea kiti. Halafu akauliza, "Na ile pesa?"

Zakayo hakungoja kuulizwa, someni Luka 19:8. Mimi niliulizwa. Nililipa kwa mara tatu, nikaongeza kidogo, si mara nne kama Zakayo. Yaya alinisamehe siku ile ile kabla ya franga ya kwanza. Mtoto naye alinisamehe, na leo tunakula sahani moja. Lakini mwaka ule wa masomo aliurudia. Huo sikuweza kumrudishia.

Tusimame, tuombe.