Mtoto wa Kulea na Haki ya Kuijua Nasaba Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyezaliwa yatima, akalelewa na babu yake na kisha ami yake.

Ndugu Waislamu, wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nchini Rwanda maneno hayo yalipata ushahidi baada ya mauaji ya mwaka 1994. Watoto wengi walibaki bila wazazi, na watu wa kila dini wakawaingiza majumbani mwao, wakawalisha sahani moja na watoto wao. Thawabu ya kazi hiyo ni kubwa, kwani Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu.

Lakini liko jambo ambalo walezi wengi hulikwepa, nalo ni kumwambia mtoto ukweli. Humficha kwa mapenzi, wakihofu atavunjika moyo. Watamficha mpaka lini? Mficha maradhi kilio humwumbua. Siku ya kugawa mirathi ndipo kijana husikia mbele ya watu kuwa hana fungu. Siku ya ndoa ndipo binti huambiwa kuwa yule aliyemwita baba si walii wake kwa nasaba. Habari ambayo ingelikuwa nyepesi kwa mtoto wa miaka 5 huwa mzigo mzito kwa mtu wa miaka 25.

Na litazamwe jambo la Zayd bin Haritha. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akafika kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume (S.A.W.). Baba yake na ami yake walipokwenda Makka kumkomboa, alipewa hiari, akachagua kubaki. Watu wakamwita Zayd bin Muhammad, hata ziliposhuka aya za 4 na 5 za Sura Al-Ahzab, zikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani wawe ndugu katika dini. Zayd akarudia jina la Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Hata kidogo. Mwaka wa 8 wa Hijra ndiye aliyekabidhiwa bendera ya jeshi la Muta, na huko akafa shahidi.

Watu wa Marekani nao wameiona faida ya ukweli huu kwa njia yao. Mwaka 1939 daktari Valentina Wasson alitoa kitabu The Chosen Baby, na baadaye vikatungwa vingi vya picha vya kumsomea mtoto wa kulea, ili azijue habari zake tangu udogoni. Kimoja ni A Mother for Choco cha Keiko Kasza, cha mwaka 1992. Kinda la ndege linatafuta mama. Linamwendea twiga kwa kuwa rangi zao zafanana, na pengwini kwa kuwa ana mbawa, na wote wanalikataa. Mwisho dubu, asiyefanana nalo kwa lolote, analikumbatia na kulipeleka kwake, ambako analea pia kiboko na mamba. Wala dubu haliambii kinda kuwa nalo ni dubu.

Mlezi Mwislamu na auchukue ukweli huo na huruma hiyo, aache kubadili nasaba kama sheria za huko ziruhusuvyo. Malezi ya Kiislamu ni kafala, nayo imetajwa katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Na mwenye shaka juu ya picha za wanyama akumbuke kuwa Bibi Aisha alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za kitambaa, na Mtume (S.A.W.) alimwona akacheka.

Asiyepata vitabu hivyo na atengeneze daftari: jina la baba na la mama wa mtoto, kijiji chao, na siku mtoto alipofika nyumbani. Lisilojulikana na aseme halijulikani. Wasome pamoja, kidogo kidogo. Kisha na aandike wasia, usiozidi thuluthi ya mali yake, ili mtoto asitoke mikono mitupu.

Mwenyezi Mungu awajalie walezi wote ulimi wa kweli na moyo wa huruma. Amin.