Homa kwa Mtoto Anayetibiwa Saratani

Leo nazungumza na mzazi au mlezi ambaye mtoto wake anatibiwa saratani kwa kemotherapi, kwa mfano saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya au tumbo na kuonekana sana huku magharibi mwa Kenya.

Dawa hizi huua chembe za saratani. Lakini pia hudhoofisha uboho ulio ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Hapo chembechembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hupungua. Mara nyingi huwa chache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Kisha uboho huzitengeneza upya, na kufikia wiki ya tatu au ya nne huwa zimerudi. Ndiyo maana daktari hupima damu kabla ya kutoa dawa tena. Zikiwa bado chache anaweza kuahirisha, au kuagiza sindano ya filgrastimu inayouchochea uboho.

Je, bitiruti au supu ya mifupa itaziongeza haraka? Chakula bora humpa mtoto nguvu, lakini hakuna chakula kilichothibitishwa kuzirudisha. Mitishamba nayo yaweza kugongana na dawa zake.

Sasa sikiliza kwa makini. Kwetu mtoto akiwa na joto twasema ni malaria, twakimbilia duka la dawa. Kwa mtoto huyu, usifanye hivyo! Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa, kwani itaficha hatari. Maambukizi yanaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Ukifika tu, sema: "Mtoto huyu anapata kemotherapi." Anafaa kuanzishiwa antibiotiki ya mshipani katika saa ya kwanza. Malaria itapimwa papo hapo.

Nyumbani, osheni mikono kwa sabuni, chemsheni maji ya kunywa, na chakula kiive vizuri. Mwepushe mtoto na wenye kikohozi au tetekuwanga. Asipewe chanjo yoyote kabla ya kumwuliza daktari wake.

Weka kipimajoto, kadi ya kliniki, nambari ya simu ya wodi na akiba ya nauli mahali pamoja.