Miwani ya Wazee

Fungueni ukurasa huu. Nisikilizeni, nanyi mfuate maneno kwa kidole.

Maneno mapya: upweke, uhalisia pepe, kizunguzungu.

Huko Marekani wazee wengi hukaa katika nyumba za kutunzia wazee. Hupewa chakula, dawa na kitanda safi. Lakini mzee asiyeweza kutembea huona ukuta ule ule kila siku. Upweke humwingia, akanyamaza.

Sasa baadhi ya nyumba hizo zina miwani kubwa inayofunika macho yote mawili. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha yake, na ubongo huziunganisha. Mzee akigeuza kichwa kulia, huona yaliyo kulia. Akitazama juu, huona mbingu. Mwili uko kitini, lakini macho yako ufukoni, au katika mji aliozaliwa. Jambo hili huitwa uhalisia pepe.

Je, lina faida? Chuo Kikuu cha Stanford kililichunguza katika makao 17 ya wazee. Watu 245 walijaribu, wenye umri wa miaka 65 hadi 103. Habari zake zilitolewa mwaka 2024. Katika kila wazee 10, karibu 8 walisema wamechangamka, na karibu 6 walisema upweke umepungua.

Lakini angalieni sana. Picha hizo ni za dakika chache tu. Miwani ikivuliwa, mtunzaji hana budi kukaa na kuuliza, "Umeona nini? Ulipata kufika huko?" Hapo mzee aliyekuwa kimya huweza kusimulia safari zake na ndugu zake. Akivuliwa miwani na kuachwa peke yake, amerudishiwa ukuta wake.

Tena kuna hadhari. Kwanza, mzee aulizwe, akikataa, asilazimishwe. Pili, aketi katika kiti imara, asisimame. Tatu, macho yakiona mwendo na mwili umetulia, kizunguzungu huweza kuja. Basi miwani ivuliwe mara moja. Nne, mzee aliyepotewa na kumbukumbu huweza kudhani ayaonayo ni kweli, akaogopa. Mtu akae karibu naye, amshike mkono.

Wanafunzi, pengine miwani hii hamnayo. Lakini masikio mnayo. Jioni ya leo mwulize mzee wa nyumbani kwenu au wa jirani: angependa kupaona tena mahali gani? Msikilize mpaka mwisho, usimkatize.

Maswali
1. Kwa nini mzee huingiwa na upweke?
2. Mtunzaji afanye nini miwani ikivuliwa?
3. Andika sentensi tatu juu ya mahali alipopataja mzee wako. Zilete darasani, kisha umsomee na yeye mwenyewe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.