Mitumba Bado Yafaa? Maneno Tuliyoyasema Misigiri



Mmetuita tuseme juu ya mitumba, nasi twashukuru. Hapa njia panda, barabara ya Singida kwenda Nzega inapoachana na ile ya Kiomboi, neno hili si porojo. Wako kati yenu wanaokula kwa belo, na wako ambao hawajapata kuvaa nguo mpya isipokuwa sare ya shule. Swali lenu ni moja: fedha ya mtu bado yapata haki yake katika mitumba, au twadanganyana?

Wazee walizicheka nguo hizi wakaziita kafa Ulaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilitaka tuvae cha kwetu. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na Mwanza na Musoma nako vilikuwako viwanda vya nguo. Lakini miaka ya themanini maduka yalikuwa matupu. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba ikamiminika, na kwa kweli ilisitiri watu. Shati la mtumba lilikuwa pamba tupu, kola nene, likarithiwa na ndugu watatu.

Leo sivyo. Nguo nyingi zinazouzwa huko Ulaya na Marekani zashonwa haraka kwa nyuzi za plastiki, zivaliwe mara chache zitupwe, kisha zaja kwetu. Na belo lauzwa limefungwa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme belo la kilo 45 lina mashati 200, na mwenzetu amelipa shilingi 400,000. Kila shati ni shilingi 2,000. Akifungua akakuta 60 yamechanika au yana madoa, yale 140 yaliyobaki yamemgharimu zaidi ya shilingi 2,850 kila moja, kabla ya nauli na ushuru wa mnada. Hana budi kupandisha bei. Basi ninyi wanunuzi ndio mnaolipia matambara msiyoyaona. Hatumlaumu mchuuzi, naye amenunua gizani.

Hata hivyo hatusemi msinunue. Upepo wa Singida wa mwezi wa sita na wa saba mwaujua, na koti zito au sweta la mtumba bado lashinda jipya la bei ile ile. Jinzi kadhalika. Nguo za watoto zafaa sana, maana mtoto hukua kabla nguo haijachakaa. Lakini blauzi nyepesi na fulana, aghalabu ni hasara. Inua nguo juani, tazama kwapa na kola, vuta mshono. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, hizo Shirika la Viwango limezipiga marufuku, wala hatuoni haja ya kueleza sababu mbele ya watu wazima.

Liko neno zito zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipatana kuiondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na mwaka 2017 Serikali yao ikaanza kuchunguza kama tunastahili kuendelea kuuza kwao bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilisimama, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi ile. Ati mtu akulazimishe upokee nguo aliyoivua!

Lakini tuseme ukweli wote. Kufunga mlango kabla viwanda havijaamka ni kumvua maskini nguo. Wakulima wa Iramba na Igunga wanalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania yauzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kazi ya kusokota, kufuma na kushona, pamoja na mshahara wake, yabaki huko inakokwenda. Madai yetu yaanzie hapo, si kwa mama mwenye turubai mnadani.

Sasa twapokea maswali. Tuanze na akina mama wa belo, kisha mafundi cherehani.