Kitabu Chako Umekipata Wapi? Maneno Yangu kwa Vijana wa Mbulu na Hanang

 

Nimepewa dakika chache, niende moja kwa moja. Nataka tuongee vitabu vya chuo. Najua kuna mtu anajiuliza, vitabu na siasa wapi na wapi? Subiri kidogo.

Mwanafunzi wetu, awe anasoma uuguzi hapa Haydom au amekwenda Arusha au Dodoma, ana njia nne. Anunue dukani, aazime maktaba, atoe kopi steshenari, au atumiwe softikopi kwenye WhatsApp. Wengi wanaishia kwenye hizo mbili za mwisho. Siyo uvivu. Maktaba za vyuo vingi zina nakala chache kwa darasa zima, na wiki ya mtihani zote ziko nje. Dukani ni bei. Mzazi anategemea vitunguu saumu Mbulu au ngano kule Basotu. Hela inaonekana wakati wa mavuno, chuo hakisubiri mavuno. Mwenye mkopo naye, Bodi huweka hadi shilingi 200,000 kwa mwaka za vitabu na viandikwa. Bumu likichelewa, ni kitabu au ni ugali? Jibu mnalijua.

Kwa hiyo tusiseme mwanafunzi anachagua. Mfuko ndio unachagua.

Sasa sikilizeni hatari yake. Kopi ya kopi ya kopi, jedwali la dozi limefifia. Nukta ikipotea, 0.5 inasomeka 05, mwenye haraka anaisoma 5. Kwa mtoto mgonjwa hiyo ni dozi mara kumi! Au anapata softikopi ya kitabu cha zamani. Nchi hii iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaja SP, halafu mwaka 2006 ikaja mseto. Asiyeangalia mwaka wa kitabu anakariri tiba iliyokwisha kuachwa. Na mgonjwa wake kesho ni mama yako au mdogo wako, pale zahanati ya kijiji.

Tufanye nini? Mosi, kabla hujalipia kopi au kumalizia bando, angalia mwaka wa toleo, hesabu kurasa, soma majedwali. Wa afya, Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo la 2021, umetolewa na Wizara na unapatikana bure mtandaoni. Linganisha dozi zako na huo.

Pili, dada na kaka mliomaliza, vitabu vilivyolala chini ya kitanda vitoeni. Kila tawi liwe na daftari: nani kaazima, anarudisha lini. Hiyo haihitaji kibali cha mtu.

Tatu, na hii ndiyo siasa yenyewe. Tuna halmashauri tatu: Mji wa Mbulu, Wilaya ya Mbulu na Hanang. Nendeni kwa diwani wenu, hata kama siyo wa chama chetu, mkamuulize kwa heshima: kwenye bajeti ya mwaka huu, vitabu na maktaba ya wananchi vina shilingi ngapi? Akikosa jibu, rudini tena, mkiwa wengi zaidi.

Tunadai haki kwenye kura. Tuidai na kwenye ukurasa unaosomeka.